Barua Zilizokwama Foleni

Mama mmoja mwenye duka la jumla karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, alinipigia simu akitaka hesabu za mwezi uliopita. Kuna mteja alikuwa anabisha deni. Nikamwambia ni kazi ya dakika mbili, bakapu, yaani nakala ya akiba, ipo.

Nilipofungua folda, mafaili yalikuwepo, la kila siku na tarehe yake. Ila kila moja lilikuwa na baiti 20. Hiyo ni gzip, programu ya kubana mafaili, iliyofunga hewa.

"Lakini fundi, si ulisema kukiwa na shida itatuandikia? Haijaandika."

Kweli nilisema. Skripti ya bakapu niliiandika mwenyewe: ikifaulu inyamaze, ikishindwa cron, ile inayoendesha kazi kwa saa iliyopangwa, itume baruapepe. Kwa hiyo kimya kilipoingia, duka zima lilijua mambo ni shwari.

Nikaandika mailq, amri ya kuonyesha barua zinazongoja kutumwa. Foleni ya Postfix, programu inayotuma barua za seva, ilikuwa imejaa. Nikachukua namba ya barua moja, nikaisoma kwa amri ya postcat -q: MySQL, yaani hifadhidata ya duka, imemkataa mtumiaji wa bakapu, paswadi si sahihi. Kumbe mtu alibadilisha paswadi ya hifadhidata akasahau skripti. Seva ilikuwa inalia kila usiku saa nane, ila kilio hakikutoka nje ya chumba. Barua za zamani zaidi nilizikuta kwenye /var/mail/root, kwa sababu Postfix isipobadilishwa hungoja siku 5 tu, kisha humrudishia aliyetuma. Na aliyetuma ni root, akaunti kuu ya seva, ambayo hakuna anayefungua sanduku lake.

Kwa nini hazikutoka? Duka lilikuwa limehamia mtandao mwingine, na huko poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, imefungwa. Wengi huifunga kuzuia barua taka, siwalaumu. Dawa yake ni kupitishia barua kwenye akaunti halisi, poti 587, kwa kuweka relayhost, yaani seva ya kupitishia, kwenye Postfix. Ukitumia Gmail, paswadi yako ya kawaida haitakubaliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze paswadi ya programu, ile ya herufi 16.

Kosa la pili ni langu pia. Mysqldump, inayotoa nakala ya hifadhidata, ikipitishwa kwa gzip, bash huangalia gzip peke yake: gzip ikimaliza salama, kazi yote inahesabiwa imefaulu. Nikaongeza juu ya skripti set -o pipefail, ili hatua yoyote ikishindwa kazi yote ihesabiwe imeshindwa, na sharti kwamba faili likiwa dogo kuliko nusu ya lile la jana, ni kosa.

Sasa barua inakuja kila asubuhi, hata mambo yakiwa mazuri, na ukubwa wa faili uko kwenye kichwa cha barua. Deni la yule mteja tulilitafuta kwenye vitabu vya risiti, jioni nzima, mimi nikisoma tarehe na mama akifunua kurasa.

Wiki iliyofuata simu ililia kabla sijanywa chai. "Fundi, ya leo haijafika."

Mlinzi alikuwa amezima stima kwenye swichi kubwa usiku. Cron ikikosa saa yake, hairudii.