Kukopa harusi, kulipa matanga: kupanga matembezi ya Grand Canyon

Kabla ya kuhamia Arizona nilifanya kazi Kilimanjaro miaka tisa, nikianza kama mgumu wa kubeba mizigo hadi kuongoza wageni. Ndiyo maana siku ya kwanza niliposimama kwenye ukingo wa Grand Canyon, lile korongo kubwa la huko, nililidharau. Kutoka ukingo wa kusini, ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Mto Colorado kule chini ni kama mita 1,400. Kwa mtu aliyezoea kilele cha mita 5,895, nilisema, haya ni mazoezi ya asubuhi. Nikashuka na lita moja ya maji na mkate. Nilifika tena juu saa tatu usiku, mapaja yamekaza kama mbao, tena baada ya bibi mmoja wa makamo ya mama yangu kunihurumia njiani akanipa karanga za chumvi.

Mlimani unaanza na kazi. Ukichoka mwili unakuambia mapema, unageuza, na mteremko unakusaidia kurudi. Korongo ni kinyume chake. Asubuhi kuna baridi, miguu ni myepesi, njia inakubeba yenyewe, kila kona ina picha. Hesabu unaletewa chini, jua likiwa utosini, na hakuna pa kutokea ila kupanda. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo mpango wako uanzie mwisho: unataka uwe umefika tena juu saa ngapi? Kupanda huchukua muda karibu mara mbili ya kushuka. Ukishuka saa moja, weka mbili za kurudi. Kushuka hadi mtoni na kurudi siku hiyohiyo, hifadhi yenyewe inaonya watu wasijaribu, nami naungana nao.

Wenzangu wa pwani huniambia, "Sisi joto tumelizoea." Joto la Mombasa au Dar linakulowesha, unajiona. Hili la jangwani linakausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho kabisa. Mwezi Julai chini mtoni joto hupita nyuzi 40, hata kama ukingoni mnatembea na shati la mikono mirefu. Ushauri wa askari wa hifadhi wakati wa kiangazi ni kwamba kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni usiwe unatembea ndani ya korongo. Mimi huchagua Aprili au Oktoba. Julai hadi Septemba kuna mvua za radi zinazoleta mafuriko ya ghafla kwenye mikondo. Januari njia za juu zina barafu, utahitaji vyuma vya kufunga kwenye viatu.

Sasa njia. South Kaibab inapita mgongoni mwa kilima, mandhari wazi pande zote, kilomita 10 hivi hadi mtoni, na haina tone la maji wala kivuli cha maana. Magari binafsi hayaruhusiwi kufika mwanzo wake. Panda basi la hifadhi, ni bure, na lile la alfajiri ndilo la kuwahi. Kwa mara ya kwanza, Cedar Ridge inatosha: kilomita 2.4 kushuka, kisha geuza.

Bright Angel ni ndefu zaidi lakini ina huruma. Ina vituo vya maji, na kilomita saba na kitu kutoka juu kuna miti na kijito, Havasupai Gardens. Mahali hapo palipewa jina hilo mwaka 2022 kwa heshima ya Wahavasupai, wenyeji wa asili waliolima pale hadi hifadhi ilipowaondoa; wa mwisho alitolewa mwaka 1928. Wamaasai waliohamishwa Serengeti mwaka 1959 hawahitaji kusimuliwa hadithi hiyo. Maji yenyewe hutoka upande wa kaskazini kwa bomba lililojengwa miaka ya 1960, na bomba hilo hupasuka kila mara. Siku moja kabla, fungua tovuti ya hifadhi uone kituo gani kina maji na njia gani imefungwa. Ukingo wa kaskazini wenyewe uliungua Julai 2025, na Grand Canyon Lodge, hoteli ya zamani, ikateketea.

Chumvi ndiyo somo nililolipia. Ukinywa maji mengi bila kula, chumvi ya damu inashuka: kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unaanza kuchanganyikiwa. Mwenyewe unadhani ni kiu, unaongeza maji, hali inazidi. Kila ukinywa, tafuna kitu: karanga, krispi, kachori kama umekaanga. Na theluthi mbili za maji yako ziwe za kupanda.

Matembezi ya mchana hayahitaji kibali. Kulala ndani ya korongo kunahitaji, na vibali huanza kugawiwa kwa droo (bahati nasibu) kwenye tovuti ya Recreation.gov miezi minne hivi kabla. Vitanda vya Phantom Ranch, nyumba ya wageni iliyo chini kabisa, vina droo yao, miezi 15 kabla. Anayetoka nje ya Marekani aongeze bajeti: tangu Januari 2026 asiye mkazi hulipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida, asipokuwa na pasi ya mwaka.

Utakutana na nyumbu. Si wale wa Serengeti, ni chotara wa punda na farasi wanaobeba watu na mizigo. Simama upande wa ndani wa njia, kimya, wapite. Kindi nao wanapendeza, lakini wameng'ata wageni wengi. Usiwape hata punje.

Shemeji yangu alikuja mwaka jana akiwa na nia moja tu, kugusa mto. Tulifika Cedar Ridge saa mbili asubuhi, tukala karanga, nikamwambia tunarudi. Alinuna kona mbili za kwanza za kupanda. Kona ya tatu aliacha, maana pumzi ilikuwa na kazi nyingine.