Mshahara ukilipwa mara mbili, Universal Credit hupungua

Kila Januari dawati letu la ushauri hapa Uingereza hupokea lalamiko lilelile kutoka kwa wanaopata Universal Credit, fao la serikali kwa wenye kipato kidogo: "Wamenikata pesa bila sababu." Sababu ipo. Mwajiri alilipa mapema kabla ya Krismasi, mishahara 2 ikaangukia kipindi kimoja cha tathmini, yaani mwezi unaotumika kukokotoa fao.

Kipindi hicho si mwezi wa kalenda. Huanza tarehe dai lako lilipoanza, hujirudia kila mwezi tarehe hiyohiyo, na malipo huingia siku 7 baada ya kufungwa. Mwajiri hupeleka taarifa za mshahara kwa mamlaka ya kodi, HMRC, nayo huzipeleka DWP, wizara inayolipa fao hili. Kinachoangaliwa ni siku uliyolipwa, si siku uliyofanya kazi. Ovataimu ya Novemba iliyolipwa Desemba ni kipato cha Desemba, hata tukibishana mpaka kesho.

Kodi, Bima ya Taifa na michango ya pensheni zikishatolewa, kila pauni 1 ya mshahara hupunguza fao kwa peni 55. Wenye watoto, au wenye maradhi au ulemavu unaowabana kufanya kazi, huachiwa kwanza kiasi kisichoguswa. Kwa mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 411 kwa mwezi kwa anayesaidiwa kodi ya nyumba, na 684 kwa asiyesaidiwa.

Wanaoumia zaidi ni wanaolipwa kila wiki 4. Mwaka wao una mishahara 13 na vipindi 12, kwa hiyo lazima kiwepo kipindi kinachobeba miwili. Kwa viwango hivyo, chukua mama mwenye mtoto, anayesaidiwa kodi ya nyumba na kupokea pauni 1,200 mkononi. Kipindi cha kawaida fao lake hupungua kwa pauni 433.95. Mishahara 2 ikikutana, hupungua kwa 1,093.95, yaani pauni 660 zaidi. Katika ule mshahara wa pili, kwa hiyo, pauni 540 tu ndizo nyongeza ya kweli. Hizo 660 ni za kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata na ziwekwe kando siku mshahara unapoingia. Tarehe yenyewe haijifichi: weka alama siku zako zote za mshahara kwenye kalenda, na siku ya kufunga kipindi, utaiona miezi kabla. Kwa nini watu wanasubiri washtuke, mimi sielewi.

Fao likishuka hadi sifuri, dai hufungwa na halifufuki lenyewe. Omba upya mara moja. Ukiomba ndani ya miezi 6, tarehe zako za tathmini hubaki zilezile.

Wanaolipwa kwa mwezi wana nafuu. Kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Rufaa mwaka 2020, kanuni zilirekebishwa Novemba mwaka huo, na mshahara uliolipwa mapema unaweza kuhamishiwa kipindi kingine. Andika ombi kwenye jarida, yaani sehemu ya ujumbe katika akaunti yako ya mtandaoni, ukitaja tarehe ya kawaida ya mshahara na tarehe uliyolipwa safari hii. Ukikataliwa, omba uamuzi upitiwe upya ndani ya mwezi 1, kisha kata rufaa kwenye baraza huru. Nafuu hii haiwahusu wa wiki 4, na kupiga simu mara tatu hakutaibadilisha.

Taarifa za mwajiri zikikosewa, sema mapema. Fao lililozidi hudaiwa hata kama kosa ni la ofisi. Aliyezembea kutoa taarifa anaweza kutozwa pauni 50 juu yake. Penye ushahidi wa udanganyifu, anaweza kupewa adhabu badala ya kushtakiwa: nusu ya deni, isiyopungua pauni 350 wala kuzidi 5,000.

Na wanaoogopa kwamba akiba itawaponza: chini ya pauni 6,000 haiguswi. Kuanzia hapo hadi 16,000, kila pauni 250 au sehemu yake hupunguza fao kwa pauni 4.35 kwa mwezi. Zile 660 zinaweza kukaa benki bila wasiwasi.