Ripita haizai intaneti

Jumamosi niliitwa Bel-Air, hapa Lubumbashi, kwenye parseli yenye nyumba kubwa mbele na vyumba vitatu vya uani. Kabla sijaketi, mama mwenye nyumba alishasema: “Fundi, nataka ripita yenye nguvu kuliko hizi.” Ripita ni kile kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi. Hizi zilikuwa mbili. Moja imechomekwa ukutani katika chumba cha mwisho, juu ya kitanda cha kijana wake anayesoma chuo. Nyingine iko kabatini, bado ndani ya nailoni ya dukani. Simu ya kijana ilionyesha mistari yote ya Wi-Fi, na video ya somo lake ilikuwa inazunguka tu tangu asubuhi.

Imenichosha kuona watu wanatoa dola zao kwa namna hii, kwa hiyo leo naandika. Ripita haizai intaneti. Inarudia kile inachosikia, basi. Ukiichomeka kwenye kona ambako simu yako haisikii ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ya nyumba, na yenyewe haitasikia.

Fikiria mkalimani kanisani. Mhubiri anatoa sentensi moja kwa Kifaransa, ananyamaza, mkalimani anaitoa kwa Kiswahili, mhubiri anaendelea. Mahubiri ya nusu saa yanakula saa nzima. Ripita ya redio moja inafanya kazi hivyo hivyo: haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli ileile, yaani njia ileile ya hewani, kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili, na kasi inashuka karibu nusu. Hapo ni inaposikia vizuri. Sasa mtoe mkalimani, umsimamishe getini, ambako sauti ya mhubiri inafika kama mnong'ono. Kila sentensi ataomba irudiwe. Waumini waliokaa miguuni pake wanamsikia yeye vizuri sana, lakini mahubiri hayaendi. Simu ya kijana yule ilikuwa miguuni pa mkalimani. Mistari iliyojaa ilipima sauti ya ripita, mita moja kutoka kitandani. Haikusema lolote juu ya ripita na ruta, wala juu ya ruta na dunia ya nje.

Nilipima kwa programu ya simu, ile inayoonyesha desibeli. Karibu na ruta: -41. Pale ilipochomekwa ripita: -84. Kila ukishuka desibeli 3 nguvu inabaki nusu, ukishuka 10 inabaki sehemu moja ya kumi. Kutoka -41 hadi -84 mawimbi yamepungua karibu mara 20,000. Ripita nzuri niipendayo naichomeka njiani, mahali panaposoma -65 au hata -70, mbali na chumba chenye shida. Mwenye chumba hununa, anaona nimeweka kitu chake kwenye korido ya watu wengine. Pale ndipo inaposikia. Na ukinunua, nunua yenye redio mbili, isikilize kwenye masafa ya 5 GHz na kusema kwenye masafa ya 2.4 GHz, hasara ya nusu inapungua sana.

“Basi niletee ruta yenye antena sita.” Hili nalo nalisikia kila wiki. Wi-Fi ni mazungumzo. Ruta ikipiga kelele hadi Ruashi, simu yako bado inapaswa kujibu kwa redio yake ndogo na betri yake ndogo, na jibu lisipofika hakuna ukurasa utakaofunguka. Pia hizo kelele zina kikomo: Ulaya, kwa mfano, sheria inaruhusu miliwati 100 tu kwenye 2.4 GHz, iwe antena moja au nane. Na tafadhali, antena si tochi. Nakuta watu wameilaza wakielekeza ncha yake kwenye chumba cha mtoto. Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, nchani karibu hakuna kitu. Nyumba ya chini, isimamishe wima. Nyumba ya ghorofa, simamisha moja, laza nyingine.

Ruta ya mama ilikuwa sakafuni, nyuma ya friji, kwa kuwa waya wa nje uliingilia hapo. Friji ni ukuta wa chuma. Matofali yetu ya kuchoma hupunguza, ila yanapitisha. Kinachoua Wi-Fi katika parseli za hapa ni chuma na maji: milango ya chuma, mabati, tangi la maji juu ya mnara wake, mparachichi mkubwa uliolowa mvua. Tuliihamisha ruta juu ya kabati la sebuleni, futi kama saba kutoka sakafuni. Kule uani -84 ikawa -73. Hatukutoa hata faranga moja.

Bado haikunitosha, kwa sababu kijana ana mitihani. Vyumba vya uani dawa yake ni kebo. Nilipima kwa hatua, halafu kwa futi kamba: mita 28. Kebo ya mtandao inakwenda hadi mita 100 bila kulalamika, kwa hiyo hapo ni karibu sana.

Sasa kuhusu kebo yenyewe. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba 1911, bomba la moshi la kiwanda tunaliona kila siku, na bado dukani tunauziwa alumini iliyopakwa shaba. Kijana alirudi na roli akifurahia bei. Niliukata uzi mmoja, nikaukwangua kwa wembe: ngozi nyekundu, ndani nyeupe. Nikaukunja mara chache kwenye pembe ya meza, ukakatika kama kijiti. Uzi wa shaba ni mwekundu hadi moyoni. Nitasema kweli, kwa mita 28 ile ya alumini ingeweza kwenda, labda mwaka, labda miwili. Kisha ingeanza kukatika kwenye plagi, intaneti inakuja na kwenda, na nyumba nzima ingetafuta ripita ya tatu. Tukairudisha, tukachukua ya shaba.

Kebo tuliipitisha ardhini ndani ya bomba la plastiki, aina nyeusi ya nje. Hapa nina wasiwasi ambao miongozo huumaliza kwa mstari mmoja: radi. Masika yetu mnayajua. Waya mrefu uani hukusanya pigo hata radi ikianguka mbali kidogo, na vile visanduku vya kinga nimeona vikiokoa ruta, nimeona pia vikiungua pamoja nayo. Mimi nawaambia watu wachomoe kebo pande zote mbili wingu likinguruma. Nalala vizuri zaidi hivyo.

Chaneli, haraka: kwenye 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11, zile zisizoingiliana. Kanuni hiyo naifuata, ingawa Kamalondo, ambako nyumba zimebanana, mara nyingine nimepanga kwa makini na ruta iliyoachwa ijichagulie ikanishinda. Jina na neno la siri viwe vilevile mbele na uani, chaneli ziwe tofauti. Ukitumia ruta ya zamani kama kituo cha uani, zima ugawaji wake wa anwani za IP (namba ambazo ruta huipa kila simu), ipe anwani yake yenyewe isiyofanana na ya ruta ya mbele, kisha chomeka kebo kwenye tundu lililoandikwa LAN. Usipozima, ruta mbili zitagombania simu zenu usiku kucha.

Mama aliuliza nimletee ruta ya bei gani kwa ajili ya huko nyuma. Nilichukua ile ripita ya kabatini, nikaichana nailoni. Chini yake palikuwa na tundu la kebo. Nikaigeuza kwenye mipangilio, ikaacha kurudia mawimbi, ikawa inatoa Wi-Fi kutoka kwenye waya. Mbele ruta ilitoa megabiti 18 kwa sekunde. Uani, kwa ripita ya zamani, ilikuwa 2. Kwa kebo, 17. Kijana alibonyeza video yake, ikaanza.