Je, wajua kwa nini maji hukausha mikono?

Kwa miaka mingi niliamini mikono yangu inakauka kwa kukosa maji. Ilipoanza kuwasha katikati ya vidole na kupasuka kwenye vifundo, niliiosha zaidi, kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, kisha nikaipaka dawa ya fangasi. Nilikosea mara mbili, na kwa kuwa makosa haya bado nayaona kila mahali, nataka kuyaeleza polepole.

Vitabuni ugonjwa huu ni ukurutu. Mitaani Tanzania wengi huuita pumu ya ngozi. Hauambukizi. Huwaandama hasa wale ambao mikono yao haipati kukauka: mama lishe, wasusi, wauguzi, wenye nepi za kufua kila siku.

Kosa la fangasi lina chanzo chake. Krimu nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa zimechanganya dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe na muwasho. Unapaka, muwasho unatulia baada ya siku chache, nawe unabaki na hakika kwamba fangasi wamekufa. Kumbe iliyotuliza ni steroidi. Ukiacha, muwasho unarudi, unanunua nyingine, na ukiendelea hivyo miezi bila daktari, ngozi inakuwa nyembamba. Jingine linalopoteza watu: maelezo mengi husema ukurutu ni wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi uliokolea, kijivu au zambarau. Sisemi fangasi wa mikono hawapo. Wapo, na mara nyingi hushika mkono mmoja tu. Na nyumba nzima ikijikuna usiku, ufikiriwe kwanza upele, ule wa vijidudu wanaochimba ngozi.

Sasa maji. Aliyeishi pwani anajua kwamba chumvi ikiachwa wazi hulowa yenyewe, maana inavuta unyevu wa hewani. Seli za tabaka la juu la ngozi nazo zina vitu vya namna hiyo, vikiwemo urea na asidi amino, na ndivyo vinavyoshika maji yasitoroke. Chukua basi ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, umloweke usiku kucha: asubuhi chumvi imehamia kwenye maji. Mikono iliyokaa ndani ya beseni la kufulia hupatwa na jambo hilo hilo. Ikitoka ni laini, imevimba kwa maji, lakini kilichokuwa kikiyashika kimebaki beseni. Upepo ukipita kidogo, maji yamekwenda na ngozi imekakamaa kuliko mwanzo.

Sabuni huongeza madhara. Kati ya seli na seli kuna mafuta, kama chokaa katikati ya mawe ya nyumba kongwe za Lamu, na sabuni haibagui mafuta ya sufuria na ya mkono wako. Chokaa ikimomonyoka, mawe yanabaki yamesimama ila ukuta unavuja: maji yanatoka, sabuni na viungo vya jikoni vinaingia na kuwasha moto chini ya ngozi.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha kwamba baadhi ya watu huzaliwa na hitilafu katika jeni ya filagrini, protini ambayo ikimeng'enywa hutoa sehemu kubwa ya ile "chumvi". Hitilafu zilizogunduliwa wakati ule ni adimu kwa Waafrika, kwa hiyo tusiharakishe kuzitwika kila mkono unaopasuka huku kwetu.

Kinachosaidia ni cha bei nafuu kuliko nilivyotegemea. Mafuta ya mgando, yasiyo na manukato, yapakwe mikono ikiwa bado na unyevunyevu, kila baada ya kuosha na kabla ya kulala. Hayajengi ukuta, ni turubai, ngozi ijijenge chini yake. Kwenye vyombo na kufua, vaa glavu za mpira juu ya glavu za pamba, uzivue kabla jasho halijajaa. Steroidi ina nafasi yake muwasho unapopanda, kwa muda aliopanga daktari. Na mikono ikionekana imepona, endelea na mafuta kwa majuma kadhaa, kwa sababu mwonekano wa nje hupona kabla ya ukuta.

Lililonishangaza kuliko yote ni kitakasa mikono cha spiriti. Kinachoma kwenye nyufa, hivyo watu hukikimbia na kurudia sabuni, lakini kwa mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, chenye gliserini huidhuru ngozi kidogo kuliko sabuni na maji.