Kilembe: Tazama Maji Kabla ya Magofu

Kila mgeni ninayempeleka Kilembe, mgodi wa zamani wa shaba magharibi mwa Uganda, hukimbilia magofu kwanza: mitambo iliyoliwa na kutu, midomo ya mahandaki ubavuni mwa mlima. Mimi ni mjiolojia, nami humwomba achuchumae kwanza penye mtaro atazame maji.

Ukitoka mjini Kasese, barabara inaufuata mto Nyamwamba mpaka Kyanjuki, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, ambazo hadi leo zina watu. Hapo uko kama mita 1,450 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kupanda milima ya Ruwenzori inaanzia hapo, na huhitaji kwenda mbali kabla ya kukutana na madoa ya kijani kwenye miamba. Hiyo ni shaba. Maji yanayochuruzika hapo chini yameacha tope la rangi ya chungwa, na hilo ndilo ninalotaka ulielewe.

Shaba ya Kilembe imefungamana na chuma na salfa, na pembeni yake kuna pairiti, jiwe la chuma na salfa linalong'aa kama dhahabu, ambalo hapa limebeba kobalti, metali inayotumika kwenye betri. Likiwa limefukiwa ndani ya mlima, limetulia. Ukilitobolea handaki, hewa na maji vinalifikia: salfa inageuka kuwa asidi, chuma kinatoka kikiwa tope la chungwa, na asidi inayeyusha shaba na kobalti na kuzitia mtoni. Kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyohiyo, nao wanaiharakisha sana. Uchimbaji ulikoma mwaka 1982. Kazi hii haijakoma. Ndiyo sababu nakusihi usiingie handakini hata hatua tatu, kwani pairiti inakula oksijeni, na hewa mbovu haina harufu ya kukuonya.

Uchimbaji ulianza 1956, mwaka reli ilipofika Kasese. Mawe yalisagwa hapa bondeni, kisha unga wa shaba ukasafirishwa hadi Jinja, kwa kuwa tanuri la kuyeyushia shaba lilihitaji umeme mwingi na bwawa la umeme la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa huko 1954. Pairiti ilirundikwa Kasese, takriban tani milioni 1. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kutoa kobalti kwenye rundo hilo, na waliofanya kazi ya kuyeyusha ni bakteria wa aina ile ile ninayokuonyesha mtaroni. Mpaka leo hilo hunifurahisha.

Kinachoniuma ni mabaki ya kusaga, yaliyoachwa kando ya mto. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukabingirisha mawe makubwa, ukaingia hospitalini na majumbani, ukamega marundo hayo. Kila mvua kubwa inamega tena, na walio bondeni wanatumia maji hayo.

Siku moja mzee aliyewahi kufanya kazi mgodini alinisimamisha nikiwa nainama kuchota. "Mwanangu, hapo tunafulia tu. Ya kunywa tunayafuata kule juu." Akanipandisha hadi kijito kinachotoka msituni, juu ya machimbo yote, mawe yake meusi na masafi. Tangu hapo nachota pale, na bado nayachemsha.