Mbu akikuuma, mbona unafura na kuwashwa? Maswali na majibu

Tangu mvua ianze huku Embakasi, Nairobi, mitaro imejaa, watu wanaweka maji kwa mitungi juu mfereji hauaminiki, na kila mtu anajikuna. Haya ndio maswali naulizwa sana.

Kwani mbu anaweka nini kwa ngozi?
Anaweka mate. Anayeuma ni mbu wa kike peke yake, anatafuta damu ndio mayai yake yakomae, na akishaingiza ule mdomo kama sindano anatema mate yenye vitu vya kuzuia damu isigande. Mwili wako ukishajua hayo mate si yako unatoa kemikali inaitwa histamini, mishipa midogo inapanuka, maji yanavujia kwa ngozi na neva zinaanza kuwasha, kwa hivyo kile kipele ni mwili wako unajitetea, sio sumu.

Tunalala kitanda kimoja, mbona mtoto anafura kunishinda?
Wewe umeumwa miaka mingi, mwili wako umezoea hayo mate, wake bado. Juzi mtoto wa dada yangu aliamka jicho moja limefura mpaka halifunguki, mamake akalia akidhani ameanguka usiku, kumbe tukimshika karibu na dirisha tunaona katundu kadogo tu kwa kope ya juu. Ngozi ya hapo ni laini sana, inajaa maji haraka. Tulimwekea kitambaa cha maji baridi dakika kumi hivi, tukapumzika, tukarudia, na jioni akawa anaona. Lakini kama kufura kunazidi kusambaa na ana homa mpeleke hospitali, na kama midomo inavimba ama anapumua kwa shida usingoje hata dakika moja.

Nikijikuna kuna shida?
Iko, tafadhali jizuie. Kucha zinachana ngozi, bakteria wanaingia, halafu unaanza kuona usaha. Osha na maji na sabuni, paka losheni ya kalamaini, na watoto wakate kucha fupi. Kama kuwashwa kunakunyima usingizi, uliza kwa kemisti kuhusu setirizini, dawa ya kupunguza kuwashwa, na useme umri wa mtoto.

Mbu anaweza kuniambukiza ukimwi?
Hapana. Virusi hivyo haviishi wala kuzaana ndani ya mbu, na anachokutemea ni mate yake, sio damu ya mtu aliyeumwa kabla yako.

Kipele kikubwa ndio kusema nitapata malaria?
Hapana, na hapa ndio watu wengi wanakosea. Ukubwa wa kipele hauonyeshi kama mbu alikuwa na vimelea vya malaria. Malaria inaletwa na mbu aina ya anofelesi, mara nyingi usiku, na vimelea vinaenda kwanza kujificha kwa ini, kwa hivyo homa huja kama siku 10 hadi 15 baadaye wakati kipele kimeshapotea na umesahau. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, baridi yake inapunguza malaria, wengi wetu tunaipata tukienda Busia, Siaya, Kisumu ama Pwani. Sasa ukishikwa na homa, kichwa na kutetemeka baada ya safari, usinunue dawa kwa kukisia, nenda upimwe damu, na kabla hata hujaulizwa mwambie daktari ulitoka ushago lini na kama ulilala kwa neti.