Nakala rudufu ya hazina ya kidijitali ijaribiwe kwenye mashine nyingine

Maktaba nyingi za vyuo vikuu huhifadhi tasnifu, makala na ripoti za utafiti kwenye seva inayotumia DSpace, programu huria iliyozinduliwa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaitumia, Sokoine cha Morogoro pia. Kwa kazi nyingi za wanafunzi wetu, hapo ndipo mahali pekee msomaji aliye mbali anapoweza kuzipata.

Ukiuliza kama kuna nakala rudufu, karibu kila mahali utajibiwa kwamba ipo. Mimi huuliza jingine: je, imewahi kurejeshwa kwenye mashine tofauti na ile ilikotoka? Kuirejesha kwenye seva ileile hakuthibitishi mengi, maana vyote mlivyosahau kunakili bado vimo humo: mipangilio, funguo, akaunti, programu saidizi. Mashine tupu haina cha kukusitiri. Pengo lolote litajitokeza.

Kilicho rahisi kusahaulika ni kwamba hazina hii haikai sehemu moja. Faili zenyewe zimo kwenye folda iitwayo assetstore, lakini fungua folda hiyo uone: hakuna jina la mwandishi, hakuna kichwa cha habari, hata alama ya .pdf haipo. Kila faili limepewa mlolongo mrefu wa tarakimu na kufichwa ndani ya folda tatu zilizopangana. Jina la mwandishi, mwaka, idara, na nani anaruhusiwa kusoma, vyote vimo kwenye hifadhidata, inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL. Ukiokoa assetstore bila hifadhidata, unabaki na maelfu ya faili yasiyojulikana ni ya nani. Ukiokoa hifadhidata pekee, una katalogi ya vitu visivyokuwepo.

Kwa hiyo mpangilio wa kunakili una maana. Anza na hifadhidata, kisha faili. Tasnifu ikipakiwa katikati ya zoezi, faili lake litakuwa la ziada tu, halimdhuru mtu. Ukianza na faili, utapata rekodi inayoelekeza kwenye faili ambalo nakala yako haina. Na ile kazi ya kusafisha faili zilizofutwa isimamishwe hadi umalize.

Sehemu ya tatu ni Solr, injini ya utafutaji. Faharasa ya utafutaji hujengwa upya kutoka kwenye hifadhidata, lakini takwimu za usomaji na upakuaji hukaa ndani ya Solr peke yake. Zisiponakiliwa kivyake, historia yote ya usomaji wa hazina yenu inapotea, na ndiyo mnayoionyesha uongozi mnapoomba bajeti.

Kwenye mashine mpya, weka kwanza toleo lilelile la DSpace. Kuhama na kupanda toleo kwa siku moja ni kujitafutia shida: kitu kikigoma, hutajua chanzo ni kipi. PostgreSQL iwe ya toleo lilelile au jipya zaidi, na kuanzia DSpace 6 pgcrypto, kiendelezi cha PostgreSQL ambacho DSpace inakihitaji, kiwekwe na msimamizi mkuu wa hifadhidata. Hakikisha akaunti inayoendesha Tomcat, programu ya seva ambamo DSpace hufanya kazi, ndiyo inayomiliki faili ulizohamisha. Badilisha anwani ya tovuti kwenye local.cfg, faili la mipangilio ya DSpace. Na kama ni jaribio, zima utumaji wa barua pepe, la sivyo mashine ya majaribio itawaandikia wasomaji halisi.

GitLab, kampuni yenye huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, walilipia somo hili Januari 31, 2017, wakalieleza hadharani kwa uwazi ninaouheshimu. Mhandisi alifuta kimakosa takribani gigabaiti 300 za hifadhidata kuu. Walipoziendea nakala za pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL, hazikuwepo: zana iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa ya 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za onyo zilikataliwa njiani. Waliokolewa na taswira ya diski iliyochukuliwa kama saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Nayo ilikuwa kwenye mashine ya majaribio yenye diski za polepole, kunakili kukachukua takribani saa 18. Ndiyo maana nasisitiza mpime pia muda, kwa diski na mtandao mlio nao kweli.

Ukurasa wa mwanzo ukifunguka, msishangilie bado. DSpace huweka kwenye hifadhidata alama ya MD5 ya kila faili, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo na inayobadilika faili likiharibika, na ina zana ya kulinganisha alama hizo na faili zilizopo. Iendesheni kwa hazina nzima. Kisha mkutubi, badala ya fundi, afungue tasnifu za miaka mbalimbali, pamoja na zile zilizozuiliwa, aone kama bado zimezuiliwa.

Mwisho, viungo vya Handle, yaani anwani za kudumu za kila kazi, vile vilivyonukuliwa kwenye marejeo ya watafiti kote duniani. Nakili funguo za siri za seva ya Handle. Ikiwa mashine mpya ina anwani nyingine ya IP, wajulisheni wasimamizi wa mfumo wa Handle wabadilishe taarifa zenu, na mlango wa mtandao (port) 2641 ufunguliwe kwenye ngome ya mtandao. Bila hayo hazina itakuwa hai, ila msomaji anayefuata marejeo hayo hataifikia.